Bili ya mkahawani Roma: kwa nini haifanani na bei ulizosoma kwenye menyu

Watu wawili wameketi kwenye trattoria, mkahawa wa kienyeji, karibu na Piazza Navona, saa mbili na nusu usiku. Wameagiza supplì mbili (madonge ya wali ya kukaanga), sahani moja ya cacio e pepe (tambi za jibini na pilipili manga), moja ya gnocchi (vidonge vya viazi), samaki wa kuoka wa kugawana, sahani ya mboga za majani, chupa ya maji, na mwishoni kahawa mbili. Kwa hesabu ya kichwani, kufuatana na bei walizoziona kwenye menyu, jumla ni yuro 45. Bili inakuja hivi:

Pane 2 × 1.50 = 3.00
Acqua naturale = 3.00
Supplì 2 × 2.00 = 4.00
Cacio e pepe = 12.00
Gnocchi = 11.00
Orata, etti 6 × 6.00 = 36.00
Cicoria = 6.00
Caffè 2 × 1.50 = 3.00
Servizio 10% = 7.80
Totale = 85.80

Bili hii ni mfano uliotungwa kwa ajili ya maelezo, lakini hakuna mstari hata mmoja ambao usingeukuta kwenye bili halisi ya Roma. Mgeni akiiona hudhani ameibiwa. Mara nyingi hajaibiwa: kila kitu kiliandikwa mahali fulani, ila kwa lugha na desturi asizozijua. Ubaya ni kwamba, kwa kuwa hajui kipi ni halali na kipi si halali, hata siku anapoibiwa kweli hulipa kimya kimya na kuondoka na kinyongo. Ndiyo maana inafaa kuupitia mstari mmoja baada ya mwingine.

Samaki wa yuro sita

Tuanze na palipouma zaidi. Kati ya yuro 40.80 zilizozidi, 30 ni za samaki. Kwenye menyu paliandikwa "orata al forno 6,00 all'etto". Macho ya mwenye njaa yakaona 6,00 yakaishia hapo. Etto ni gramu 100. Pengine huandikwa hg, na maana ni ileile. Orata wa kuwatosha watu wawili ana gramu 600 hivi, na uzito unaohesabiwa ni wa samaki mbichi, pamoja na kichwa na miiba. Sita mara sita, thelathini na sita.

Anayekula nyama choma Arusha au Nairobi ameshauzoea utaratibu huu: unachagua kipande, kinawekwa kwenye mizani, unatajiwa bei, ndipo kinapokwenda motoni. Roma mambo ni hayohayo, ila bei inatajwa kwa gramu 100 badala ya kilo, kwa hiyo tarakimu unayoiona ni ndogo mara kumi. Mhudumu mwaminifu atakuletea samaki mbichi kwenye sinia umwone. Hapo ndipo pa kuuliza, kabla hajarudi jikoni: "Quanto pesa? Quanto viene in tutto?" Ana uzito gani, na jumla inakuja kiasi gani. Akishapikwa, huna tena nafasi ya kupatana.

Kambakoche (astice au aragosta) na nyama kubwa ya mfupa inayoitwa bistecca huuzwa vivyo hivyo. Ukiona herufi "s.q." mahali pa bei, maana yake ni "kulingana na kiasi", na hiyo ni sababu tosha ya kuuliza. Uliza pia mhudumu anapokuja na maneno matamu kuhusu kitu "fuori menù", yaani chakula cha leo kisichoandikwa. Mara nyingi ni chakula kizuri kweli, pengine kizuri kuliko vyote siku hiyo, lakini bei yake iko kichwani mwa mhudumu peke yake. Mwaka 2019 watalii wawili kutoka Japani walitozwa zaidi ya yuro 420 kwenye mkahawa mmoja wa Roma kwa tambi, samaki na maji. Yuro 80 kati ya hizo ziliwekwa kama bakshishi. Picha ya risiti yao ilizunguka duniani, na mjadala mzima ukarudi kwenye swali lilelile: ni nani aliyetajiwa nini kabla ya chakula kupikwa?

Jambo dogo la pembeni: nyota ndogo (*) kando ya jina la chakula huonyesha kuwa kiungo kiligandishwa. Maelezo yake huwa chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Samaki mwenye nyota si mbaya, ila usimlipie bei ya samaki aliyetoka baharini asubuhi.

Mkate usioagizwa na watu

Sehemu nyingi za Italia hutoza kitu kiitwacho coperto: kiasi kwa kila mtu, kwa kawaida yuro 1.50 hadi 3, kwa ajili ya kitambaa, vyombo na mkate. Hulipwa hata kama hukugusa mkate. Firenze, Milano na Venezia coperto ni halali mradi imeandikwa kwenye menyu.

Roma ni habari nyingine. Jiji hili liko mkoa wa Lazio, na sheria ya mkoa huo namba 21 ya mwaka 2006 imepiga marufuku kumtoza mteja gharama ya coperto. Wenye mikahawa wakapata njia: sasa wanauza mkate. Kwenye bili hutaona coperto, utaona pane. Kisheria ni tofauti kubwa, kwa sababu mkate ni bidhaa, na bidhaa unaweza kuikataa. Kikapu kikiletwa bila wewe kuagiza, sema mara moja: "Niente pane, grazie." Ukishamega kipande, umenunua. Na ukiona neno coperto kwenye bili ya mkahawa wa Roma, una haki ya kuomba liondolewe.

Ila usiukatae mkate kwa ubahili tu. Mkate wa Genzano au wa Lariano, miji midogo ya milimani kusini ya jiji, una ganda jeusi gumu na moyo laini. Unaletwa bila siagi kwa sababu kazi yake ni kufutia mchuzi uliobaki sahani tupu, kama sisi tunavyomalizia mchuzi kwa chapati. Kitendo hicho kina jina, fare la scarpetta, na kwenye trattoria hakuna atakayekushangaa.

Servizio ni ada ya huduma, asilimia 10 hadi 15, na inakubalika kama imeandikwa kwenye menyu. Itafute chini ya ukurasa wa kwanza au wa mwisho. Ikiwa ipo, bakshishi haina nafasi tena. Isipokuwepo, bado hulazimiki: Warumi huacha chenji, au huongeza yuro moja mbili juu ya bili wakifurahi. Mhudumu wa Italia ana mshahara wake. Mhudumu akikuambia "service is not included" huku akikuonyesha mashine ya kadi, anakufanyia hivyo kwa kuwa wewe ni mgeni; mteja wa mtaani haambiwi maneno hayo.

Kaunta ni bei moja, meza ni bei nyingine

Bar ya Italia si baa ya kunywea bia usiku. Ni mahali pa kahawa, mkate mtamu na sandwichi kuanzia alfajiri, na humo kila kitu kina bei mbili: al banco, ukisimama kwenye kaunta, na al tavolo, ukikaa mezani. Kahawa ya yuro 1.20 hadi 1.50 kaunta inaweza kuwa yuro 4, 5 au zaidi kwenye meza inayotazama uwanja maarufu. Si hila. Ukikaa, umekodi kiti, mandhari na mhudumu, na unaweza kukaa saa nzima bila kuhojiwa. Kosa ni kuchukua kahawa kaunta kwa bei ya kaunta kisha kwenda kuketi nayo mezani. Hapo utafuatwa, na wanaokufuata watakuwa na haki.

Kwenye bar zenye watu wengi, hasa vituo vya treni, unalipa kwanza. Nenda kwenye cassa, sehemu ya kulipia, taja unachotaka, lipa, chukua risiti ndogo, iweke juu ya kaunta mbele ya mtengeneza kahawa na urudie kwa sauti ulichoagiza. Wenyeji huweka sarafu ya senti 10 au 20 juu ya risiti. Kwenye bar ndogo za mtaani unakunywa kwanza, unalipa ukitoka. Usipojua, tazama wanaoingia kabla yako.

Majina ya kahawa huwapoteza wengi. Caffè peke yake ni espresso, kikombe kidogo cha mafunda mawili matatu. Ukisema "latte" utapewa maziwa matupu kwenye glasi. Unachotaka kinaitwa caffellatte au cappuccino. Wenyeji hawanywi cappuccino baada ya saa tano asubuhi kwa sababu wanaamini maziwa baada ya chakula huzuia mmeng'enyo, lakini hakuna anayekukatalia. Chai ya maziwa kama ya kwetu haipo: tè ni maji ya moto na kifuko, na maziwa ("latte freddo" au "latte caldo") unaomba pembeni.

Menyu haikulazimishi kula vitu vitano

Menyu imepangwa kwa zamu: antipasto cha kufungulia, primo ambacho ni tambi, wali au supu, secondo ambacho ni nyama au samaki, contorno ambacho ni mboga, kisha dolce. Watalii wengi huona aibu kuagiza kimoja tu. Ondoa aibu hiyo. Primo moja na mboga ni mlo kamili, na ndivyo wanavyokula wafanyakazi wa ofisini mchana. Kinachotazamwa vibaya ni watu wanne kuketi saa mbili usiku, wakati foleni iko mlangoni, na kuagiza sahani moja ya kugawana.

Kumbuka kwamba secondo huja yenyewe. Ukiagiza kuku, utaletewa kuku, bila viazi wala mboga. Hivyo ni contorno na vina bei yao. Nyama ya ng'ombe ya kuchoma huja na wekundu katikati, kwa hiyo anayetaka iliyoiva kabisa aseme "ben cotta" anapoagiza. Tambi nazo huja zikiwa na ugumu kidogo moyoni, al dente. Kwa aliyezoea tambi laini za nyumbani zinaonekana mbichi, lakini jiko halijakosea. Ukiomba "più cotta" watakuongezea dakika kadhaa.

Na muda una sheria yake. Jiko la mchana hufanya kazi kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane na nusu au tisa, kisha linafungwa. Linafunguliwa tena saa moja na nusu usiku hadi saa nne na nusu hivi. Anayetoka Colosseum saa kumi jioni akiwa na njaa kali hukuta milango iliyo wazi ni ya wale wanaoishi kwa watalii tu: menyu ya lugha sita, picha za chakula zilizopaukia jua, na mtu mlangoni anayekuita. Hapo ndipo pesa nyingi mno hupotea Roma, na sababu ni saa tu. Saa hizo za katikati, kula pizza ya kukatwa au supplì, halafu subiri usiku. Mikahawa mingi mizuri hufunga siku moja kwa wiki, na mingine hufunga kabisa katikati ya Agosti, karibu na sikukuu ya Ferragosto ya tarehe 15. Ijumaa na Jumamosi usiku piga simu mapema: "Vorrei prenotare un tavolo per due, alle otto." Alle otto ni saa mbili usiku kwa saa zetu, wengi wamekosea kwa saa sita kamili wakitafsiri saa vibaya.

Nguruwe anajificha wapi

Hapa panahitaji uangalifu kuliko mahali pote, kwa msomaji Mwislamu na kwa yeyote asiyekula nguruwe. Chakula cha Roma kimejengwa juu ya guanciale, shavu la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi na pilipili manga. Jina halisemi "maiale", na tafsiri za menyu mara nyingi huandika tu "nyama iliyokaushwa". Katika tambi nne zinazolipa jiji hili sifa, tatu zina guanciale: carbonara, amatriciana na gricia. Ya nne, cacio e pepe, ni jibini la pecorino, pilipili manga na maji yaliyochemshia tambi, basi. Hata hiyo ina neno lake: pecorino romano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka kwenye tumbo la mwanakondoo, jambo ambalo asiyekula nyama kabisa, na Mwislamu anayejali mnyama alichinjwaje, watapenda kulijua.

Tatizo la pili ni kwamba wapishi wengi huona guanciale na prosciutto (paja la nguruwe lililokaushwa) kama viungo vya kutilia ladha. Ukiuliza "C'è carne?", je, kuna nyama, unaweza kujibiwa hapana kwa moyo safi kabisa, kisha ukakuta vipande vya guanciale kwenye maharagwe. Uliza kwa majina: "Non mangio maiale. C'è guanciale, pancetta, prosciutto o strutto?" Strutto ni mafuta ya nguruwe, ambayo huweza kuwemo kwenye unga wa mikate na vitu vya kukaanga. Kwa pombe ongeza: "C'è vino?"

Ukijua hilo, orodha ya hatari inajipanga yenyewe. Saltimbocca ni nyama ya ndama iliyofunikwa prosciutto na kupikwa kwa divai. Coda alla vaccinara, mkia wa ng'ombe wa mchuzi wa nyanya na seleri, unakaribiana sana na supu ya mkia tunayoijua, lakini kwa kawaida una divai na mara nyingi guanciale. Lasagna na ragù, mchuzi wa nyama ya kusaga, kwa kawaida huchanganya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe. Mortadella, porchetta, salsiccia, salame, speck na 'nduja zote ni nguruwe. Bresaola ni ng'ombe. Na peperoni, kinyume na wengi wanavyodhani, ni pilipili hoho: pizza ai peperoni haina nyama. Kwenye vitamu, tiramisù huweza kutiwa divai ya Marsala au ramu, zabaione ni mayai na Marsala, na aiskrimu ya malaga ina zabibu zilizolowekwa kwenye ramu.

Kinachobaki ni kingi na kitamu. Cicoria ripassata, majani machungu yaliyochemshwa kisha kukaangwa kwa mafuta ya zeituni, vitunguu saumu na pilipili, itamkumbusha Mkenya sukuma wiki na Mtanzania mchicha wa nazi uliokosa nazi. Gnocchi al pomodoro ni vidonge vya viazi kwenye mchuzi wa nyanya, na trattoria za kizamani huvipika Alhamisi. Pizza marinara ni nyanya, vitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni. Miezi ya Februari hadi Aprili kuna carciofi alla giudia, artichoki nzima inayokaangwa mara mbili kwenye mafuta hadi majani ya nje yanafunguka kama ua na kuvunjika mdomoni.

Hiyo artichoki ni chakula cha Wayahudi wa Roma, na mtaa wao wa zamani, Ghetto, uliowekwa mwaka 1555, una mikahawa ya kosher, yaani inayofuata sheria za chakula za Kiyahudi, kando ya Via del Portico d'Ottavia. Mkahawa wa kosher hauna nguruwe jikoni, na ule wa nyama hauna hata jibini. Divai ya kosher hutumika katika upishi, kwa hiyo swali la divai bado liulizwe. Tazama pia cheti ukutani, kwani si kila mkahawa wa Ghetto ni wa kosher, na ile ya kweli hufungwa Ijumaa jioni hadi Jumamosi jua likizama. Halali inayotajwa hivyo waziwazi utaipata Esquilino, mtaa wa Piazza Vittorio karibu na kituo cha Termini, wenye mabucha na mikahawa ya Wabangladeshi, na zaidi Torpignattara, mtaa wa mashariki mwa jiji. Karibu na Termini kuna mikahawa ya Waeritrea na Waethiopia yenye injera. Mapadre na watawa wanaosoma Roma kutoka Tanzania, Kenya na Kongo, pamoja na watumishi wa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, wanaijua mitaa hii vizuri. Ukimpata mmoja wao, muulize kabla ya kuuliza simu.

Mwenye mzio ana kinga ya kisheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya 2011, iliyoanza kutumika Desemba 2014, inalazimisha mkahawa kutoa taarifa za vizio 14, vikiwemo karanga, maziwa, mayai, ngano na kamba. Omba "la lista degli allergeni". Nguruwe na pombe hazimo kwenye orodha hiyo, ndiyo maana maswali ya hapo juu huna budi kuyauliza mwenyewe.

Pizza inayopimwa

Pizza al taglio ndiyo inayomwokoa msafiri mchana. Inaokwa kwenye sinia ndefu za chuma, inawekwa nyuma ya kioo, na inauzwa kwa uzito. Muuzaji anaweka kisu juu ya pizza na kukutazama: "Così?" Kisu hicho ndicho bei yako. Sema "di meno" asogee ndani, "di più" aongeze. Anakata, anaweka kwenye mizani, anauliza "La scaldo?", niipashe moto? Inarudi imekunjwa mara mbili au imekatwa vipande kwa mkasi, kwenye karatasi.

Bei kwenye kibao ni ya kilo au ya etto, kwa hiyo tazama ni ipi. Pizza ya yuro 20 kwa kilo, kipande cha gramu 200, ni yuro 4. Kinachoongeza uzito ni vilivyo juu: pizza rossa, yenye nyanya tu, ni nyepesi na hujaza mkono kwa yuro mbili tatu, ila ile ya viazi, jibini nyingi au mboga nzito, kipande cha ukubwa uleule hugharimu mara mbili. Mwenye njaa na pesa kidogo achukue vipande viwili vyembamba vya rossa. Supplì utaipata hapohapo: donge la wali uliopikwa kwa mchuzi wa nyanya, mozzarella katikati, lililoviringishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa. Mchuzi wa asili una nyama, kwa hiyo uliza.

Kula umesimama au tembea. Tangu 2019 kanuni za jiji zinakataza kuketi kwenye ngazi za Piazza di Spagna, na faini inaweza kufika yuro 400. Kula kwa kujitandaza kando ya chemchemi za kihistoria nako kumekatazwa.

Pizza ya mezani ni kitu kingine. Ni ya duara, nyembamba kama chapati iliyokauka, mtu mmoja pizza moja, na huja bila kukatwa kwa sababu italiwa kwa kisu na uma. Mikahawa mingi yenye tanuri la kuni huliwasha usiku tu.

Maji mezani ni ya chupa, naturale au frizzante, yuro 2 hadi 3, na hakuna sheria inayoulazimisha mkahawa kukupa ya bomba bure. Nje hali ni tofauti kabisa: kuna mabomba ya chuma yapatayo 2,500 yaitwayo nasoni, yaliyoanza kuwekwa mwaka 1874, yanayotoa maji safi ya baridi usiku na mchana. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yatachupa juu kupitia tundu dogo, unywe bila kuinama. Beba chupa yako.

Kulipa

Bili haiji mpaka uiombe. Mhudumu anayekuacha umekaa nusu saa baada ya kahawa anakuheshimu. Kukuletea bili bila kuombwa kungekuwa kukufukuza. Sema "Il conto, per favore". Kadi lazima ikubaliwe: tangu tarehe 30 Juni 2022 anayekataa malipo ya kadi anaweza kutozwa faini ya yuro 30 na asilimia 4 ya malipo husika. Ukiambiwa mashine imeharibika, usitoe kadi na pesa taslimu kwa wakati mmoja. Subiri ajaribu tena.

Kabla ya kulipa, soma bili kama tulivyoisoma hii: idadi ya mikate, uzito wa samaki, asilimia ya servizio, na kama kuna kitu ambacho hakikufika mezani. Ukiona kosa, sema kwa upole na uombe menyu uilinganishe. Makosa mengi hurekebishwa papo hapo. Ukikataliwa, na bei inayodaiwa haikuandikwa popote, lipa kile kilichoandikwa, au sema utaita Polizia Locale, polisi wa jiji. Kituo cha simu cha jiji ni 060606, na Guardia di Finanza, wanaoshughulikia risiti na kodi, ni 117.

Karatasi unayoletewa mezani mara nyingi ni preconto, hesabu ya awali ambayo haina nguvu yoyote, na pengine imeandikwa kwa mkono. Baada ya kulipa lazima upewe nyingine yenye jina la mkahawa, namba ya kodi (Partita IVA), tarehe na maneno "documento commerciale". Usipopewa, iombe: "Lo scontrino, per favore." Ipige picha kabla ya kutoka, kwa sababu ukipiga 060606 kesho yake, ndiyo ya kwanza watakayokuuliza.